Kichupa cha Dozi Kumi na Safari ya Kutokomeza Surua na Rubela

Surua, ambayo nchini Kenya wengi huijua kwa jina la ukambi, ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kubwa kuliko yote yanayojulikana kwa binadamu, kwa kuwa virusi vyake husafiri hewani na kubaki humo hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Mgonjwa mmoja akiwa katika jamii isiyo na kinga huweza kuwaambukiza watu kati ya 12 na 18, na katika watu kumi wasio na kinga wanaoishi naye karibu, tisa huugua. Ugonjwa huanza kwa homa, mafua, kikohozi na macho mekundu, kisha upele hujitokeza usoni na kushuka mwilini. Lakini mtoto huwa ameshaanza kuambukiza wengine tangu siku nne kabla ya upele kuonekana, hivyo mama anayemtenga mwanawe mara tu aonapo upele huwa amechelewa bila kosa lake. Hakuna dawa inayoua virusi hivi. Tiba iliyopo ni kumpa mtoto maji na chakula, dozi mbili za vitamini A zinazosaidia kulinda macho yake, na kutibu nimonia na kuhara, ambavyo ndivyo huwaua wengi wa wanaofariki.

Hata anayepona hubaki na hasara isiyoonekana. Virusi vya surua hushambulia chembe za mwili zenye kazi ya kukumbuka magonjwa yaliyopita, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, ulionyesha kwamba baada ya kuugua, watoto hao walipoteza kati ya asilimia 11 na asilimia 73 ya kingamwili zao, yaani protini za damu zinazotambua na kupambana na vimelea ambavyo mwili umewahi kukutana navyo. Mtoto wa namna hii hulazimika kuanza upya kujijengea kinga, na katika kipindi hicho huweza kuuawa na maradhi ambayo mwili wake ulikuwa tayari unayamudu, huku kifo chake kikiandikwa kwa jina la maradhi hayo mengine.

Rubela ni ugonjwa wa tabia tofauti kabisa. Kwa mtoto huleta homa ndogo na upele mwepesi unaopotea baada ya siku chache, na mara nyingi hauonekani kabisa, jambo linaloufanya usihofiwe. Madhara yake makubwa huwafikia wasiozaliwa bado. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, alibaini kwamba watoto wachanga wengi aliokuwa akiwaona wakiwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu mweupe kwenye mboni, walikuwa wamezaliwa na akina mama waliougua rubela wakiwa na mimba changa. Leo inafahamika kwamba mama akiambukizwa mwanzoni mwa ujauzito, uwezekano wa virusi kumdhuru mtoto hufikia asilimia 90, na madhara hayo ni pamoja na mimba kuharibika, uziwi, upofu, kasoro za moyo na kudumaa kwa akili. Mlipuko wa miaka ya 1964 na 1965 nchini Marekani uliacha watoto wapatao 20,000 wakiwa na hali hiyo, na watafiti walihimizwa na msiba huo kuharakisha chanjo, iliyoidhinishwa mwaka 1969, miaka sita baada ya ile ya surua.

Chanjo hizi mbili huchanganywa katika sindano moja, na bei yake kwa nchi maskini haifiki dola mbili za Marekani kwa dozi. Mtu anaweza kuuliza, basi, kwa nini surua, yenye kinga ya bei ndogo kiasi hiki, iliwaua watu wapatao 95,000 duniani mwaka 2024, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Jibu linaanzia kwenye hesabu. Kwa kuwa surua huenea kwa kasi kubwa, inahitajika watu 95 kati ya kila 100 wawe na kinga ndipo virusi vikose njia ya kupita, na hali hiyo ndiyo inayoitwa kinga ya jamii. Katika nchi ambako ugonjwa bado upo, dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, kwa sababu akingojewa afikishe mwaka huenda surua ikamkuta kwanza; lakini katika umri huo baadhi ya watoto bado wana kingamwili walizorithi kwa mama, ambazo huizuia chanjo kufanya kazi, hivyo dozi hiyo huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100 waliochanjwa. Sasa mwaka 2024 dozi ya kwanza iliwafikia asilimia 84 ya watoto wa dunia. Ukichukua kijiji chenye watoto 100 wanaozaliwa kila mwaka, ukawachanja 84 kwa miezi tisa, wenye kinga ya kweli watakuwa 71 tu, na waliosalia, 29, watajumlishwa na 29 wa mwaka ujao na wa mwaka unaofuata, mpaka virusi vikiingia vikute kijiji kizima cha kuunguza. Ndiyo maana dozi ya pili, inayotolewa Tanzania na Kenya mtoto akiwa na miezi 18, haistahili kuonwa kama nyongeza ya hiari. Duniani iliwafikia asilimia 76.

Neno kutokomeza lina maana mahususi katika taaluma hii. Ugonjwa huhesabiwa kuwa umetokomezwa katika nchi endapo virusi vilivyokuwa vikizunguka humo vimekoma kuambukizana kwa muda wa miezi 12 au zaidi, huku mfumo wa ufuatiliaji ukiwa imara kiasi cha kuweza kuviona vingekuwapo. Na tume huru ya wataalamu huithibitisha hali hiyo baada ya kuendelea kwa miezi 36. Wageni wanaweza kuleta ugonjwa, na hilo halivunji hadhi ya nchi mradi moto huo uzimwe kabla haujatimiza mwaka. Kufuta ugonjwa duniani kote, kama ilivyofanyika kwa ndui, ni hatua nyingine ambayo surua haijaikaribia.

Misaada ya kimataifa kwa programu za nchi ilipangwa kwa umakini kuanzia mwaka 2001, pale Shirika la Afya Duniani, UNICEF, Msalaba Mwekundu wa Marekani, Vituo vya Kudhibiti Magonjwa vya Marekani na Wakfu wa Umoja wa Mataifa walipoungana kukabili surua, huku muungano wa chanjo wa Gavi, ulioanzishwa mwaka 2000, ukibeba sehemu kubwa ya ununuzi wa chanjo kwa nchi za kipato cha chini. Vifo vya surua vimepungua kwa asilimia 88 tangu mwaka 2000, na mafanikio hayo hayana budi kutajwa kwa heshima, kwani nyuma yake wamo wauguzi wa zahanati, madereva wa magari ya chanjo na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao majina yao hayaandikwi popote.

Kuingiza chanjo ya rubela kulihitaji tahadhari ambayo wananchi wengi hawakuelezwa. Iwapo watoto wachache tu watachanjwa, virusi vya rubela huendelea kuzunguka kwa uchache, na watu ambao wangeambukizwa utotoni na kupata kinga ya maisha huambukizwa wakiwa wamekomaa, wakiwamo wanawake wajawazito. Ugiriki ilionja jambo hilo: chanjo ilitumika kwa miaka mingi bila kuwafikia nusu ya watoto, na mwaka 1993 likatokea nchini humo wimbi kubwa la watoto waliozaliwa na madhara ya rubela. Kwa sababu hiyo nchi zilizosaidiwa zilitakiwa kuanza na kampeni pana ya kuwachanja wote wenye umri wa miezi tisa hadi miaka 14 kwa mkupuo mmoja, kisha kuingiza chanjo hiyo katika huduma ya kila siku. Rwanda ilitangulia nchi zote za kusini mwa Sahara kufanya hivyo kwa msaada wa Gavi, mwezi Machi 2013. Tanzania ikafuata Oktoba 2014, Kenya mwaka 2016 na Uganda mwaka 2019. Shule ziligeuzwa vituo vya chanjo, na watoto wa kizazi kizima walipita kwenye foleni ndani ya siku chache.

Hata hivyo kampeni hupita, na mtoto anayezaliwa wiki inayofuata humtegemea mhudumu wa zahanati ya karibu na kwao. Hapo ndipo panapoamuliwa kama nchi itafikia asilimia 95, na aghalabu uamuzi huo hutegemea kitu kidogo sana, nacho ni kichupa chenye dozi kumi. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, na mhudumu huiyeyusha kwa maji maalumu yanayoletwa pamoja nayo. Ikiwa kavu, hutunzwa kwa nyuzijoto kati ya 2 na 8 katika kile kiitwacho mnyororo baridi, yaani mfululizo wa majokofu, masanduku na vibebeo vyenye barafu kutoka bohari kuu hadi kijijini, na kibandiko chenye mraba mdogo ndani ya duara hubadilika rangi kumwonya mhudumu kwamba joto limeiharibu. Ikishayeyushwa, uhai wake ni saa sita. Haina kihifadhi cha kuzuia vijidudu, kwa hiyo kinachobaki baada ya muda huo ni lazima kimwagwe.

Uzito wa masharti hayo ulionekana katika eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, mwaka 2017, ambako watoto 15 walifariki baada ya bomba moja la sindano kutumiwa kwa siku nne katika kampeni ya surua na chanjo kuachwa bila kuwekwa kwenye baridi. Chanjo yenyewe haikuwa na dosari. Waliopewa kazi hiyo hawakufundishwa wala kusimamiwa. Tukio hili linafaa kukumbukwa na kila anayepanga bajeti ya chanjo, maana mafunzo na usimamizi ndiyo mambo ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua.

Sasa achukuliwe mhudumu mwenye kichupa cha dozi kumi na mtoto mmoja mbele yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani humtaka akifungue kwa ajili ya mtoto huyo mmoja na kuzimwaga dozi tisa ikibidi. Mhudumu anayejua kwamba taarifa yake ya mwezi itahojiwa kwa dozi zilizopotea, na kwamba shehena ijayo haina tarehe ya uhakika, humwambia mama arudi siku ya chanjo, pengine Alhamisi, watakapokusanyika watoto wa kutosha. Mama aliyelipa nauli ya bodaboda, aliyeacha shamba wakati wa palizi na mwenye watoto wengine wadogo nyumbani, hurudi mara moja, pengine mara mbili, kisha huacha. Katika daftari ataandikwa kuwa hakufika, na katika mijadala ya mbali atahesabiwa miongoni mwa wazazi wanaokataa chanjo, ilhali alifika na kadi ya kliniki mkononi akarudishwa. Wapo kweli wazazi wanaosita kwa sababu ya uvumi, na wanastahili kujibiwa kwa subira. Lakini kumlaumu mzazi ni rahisi kuliko kurekebisha utaratibu uliomfungia mlango, na kwa muda mrefu lawama hizo zimetumika kuficha kasoro hiyo.

Msaada unaofaa, kwa hiyo, ni ule unaomwondolea mhudumu hofu ya kufungua kichupa. Nchini Zambia, vilipojaribiwa vichupa vya dozi tano mahali pa vile vya dozi kumi, watoto waliochanjwa waliongezeka na dozi zilizomwagwa zikapungua. Kichupa kidogo kina gharama kubwa zaidi kwa kila dozi, nacho huchukua nafasi zaidi ndani ya jokofu, na mhasibu wa mbali anaweza kukiona kama ubadhirifu. Gharama hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya mlipuko.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inaonyesha mlipuko hugharimu nini. Mwaka 2019 pekee waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 310,000 waliodhaniwa kuwa na surua, na kufikia Januari 2020 waliofariki walikuwa wamepita 6,000. Katika kipindi hichohicho ugonjwa wa Ebola ulikuwa ukiua watu katika Kivu Kaskazini na Ituri, na dunia iliutazama huo, ingawa jumla ya vifo vyake, takriban 2,300, haikufikia nusu ya vile vya surua. Sababu zilijulikana mapema: huduma ya kawaida ya chanjo iliyodhoofika kwa miaka mingi, utapiamlo, vita, barabara zisizopitika, na mrundikano wa watoto wasio na kinga ambao hakuna aliyewahesabu. Kampeni za dharura ziliwafikia mamilioni, na mwezi Agosti 2020 mlipuko ulitangazwa kuisha, baada ya kuchukua uhai wa zaidi ya watu 7,000.

Wastani wa taifa huficha mambo mengi. Nchi huweza kutangaza asilimia 90 huku kata moja ya wafugaji, kisiwa kimoja cha wavuvi au mtaa mmoja wa wapangaji jijini ukiwa na asilimia 40, na surua, ambayo haisomi takwimu za taifa, huukuta mtaa huo. Kumtafuta mtoto wa mtaa kama huo kunahitaji daftari la vijiji lililo sahihi, mhudumu anayetembea nyumba kwa nyumba, na kliniki ya mkoba, yaani huduma inayopelekwa kwa baiskeli au pikipiki mahali pasipo na zahanati. Kazi hii haina sherehe ya uzinduzi, wala haipigwi picha na wafadhili, na pengine ndiyo maana hukosa fedha kuliko kampeni za kila baada ya miaka mitatu hadi minne, ambazo zilikusudiwa kuziba pengo na sasa katika baadhi ya nchi zimegeuka kuwa nguzo yenyewe.

Sehemu nyingine isiyoonekana ni maabara. Upele peke yake hauwezi kutofautisha surua na rubela, wala na homa nyingine za utotoni, hivyo sampuli ya damu hupelekwa kutafutiwa kingamwili zinazotokea mtu anapoambukizwa karibuni, na virusi vikipatikana husomwa vinasaba vyake ili kujua vimetoka wapi. Nchi inayoomba kuthibitishwa hutakiwa kuonyesha kwamba kila mwaka ilichunguza na kuwaondoa katika orodha ya surua na rubela angalau wagonjwa wawili wa upele kwa kila watu 100,000; kwa maneno mengine, ithibitishe kwamba ilitafuta kwa bidii na haikukuta. Mtandao wa dunia wa maabara hizi, zaidi ya 700, ulikuwa ukigharimiwa kimataifa na Marekani peke yake, na mwaka 2025 ufadhili huo ukasitishwa. Mwezi Juni mwaka huohuo serikali ya Marekani ilitangaza pia kwamba haitaichangia tena Gavi, na mkutano wa kukusanya fedha uliofanyika Brussels ukapata ahadi za zaidi ya dola bilioni 9 dhidi ya bilioni 11.9 zilizokusudiwa.

Mfumo wa Gavi tangu awali ulilenga kuzifikisha nchi kwenye kujitegemea: kila nchi huchangia sehemu ya bei ya chanjo, na sehemu hiyo hukua pato la taifa linapokua mpaka nchi ilipe yote. Ni utaratibu wa haki, lakini pato la wastani hupanda haraka kuliko bajeti ya afya, na hazina ikichelewa kulipa fungu lake kwa miezi michache, jokofu la zahanati hubaki tupu. Watoto wa miezi hiyo huwa hawarudi. Mbunge anayeuliza bungeni kuhusu barabara na maji angefaa aulize vilevile ni siku ngapi wilaya yake ilikaa bila chanjo ya surua, kwa kuwa siku hizo huongeza hatari ya mlipuko.

Mwaka 2011 nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani zilikusudia kutokomeza surua ifikapo 2020, na mwaka huo ulipita bila lengo kufikiwa. Mwaka 2025 Cabo Verde, Mauritius na Ushelisheli zikawa za kwanza katika kanda hiyo kuthibitishwa kutokomeza surua na rubela zote mbili. Ni visiwa vidogo, vyenye watu wachache na mipaka inayolindika, na itakuwa si haki kuipima Kongo kwa kipimo chao. Ila navyo hupokea watalii na mabaharia kutoka kila bara, na kinga yao haikutokana na bahari bali na miaka mingi ya dozi mbili zisizokatizwa. Mwaka huohuo Kanada, nchi tajiri iliyokuwa imetokomeza surua tangu 1998, ilipoteza hadhi hiyo baada ya mlipuko wa wagonjwa zaidi ya 5,000 kuendelea kupita miezi 12, nalo bara zima la Amerika likaipoteza pamoja nayo.

Kuna chombo kipya ambacho wataalamu wanakitazama kwa matumaini: kibandiko chenye vincha vidogo vilivyobeba chanjo kavu, kinachobandikwa kwenye ngozi ya mtoto kwa dakika chache na vincha hivyo kuyeyuka humo. Jaribio lililofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2024 lilionyesha kwamba watoto wachanga waliopewa dozi moja kwa kibandiko walijenga kinga kwa zaidi ya asilimia 90 kwa surua na wote kwa rubela, sawa na waliochomwa sindano. Kibandiko hakihitaji maji ya kuyeyushia wala bomba la sindano, kinahimili joto kuliko kichupa, na kila kimoja ni dozi moja ya mtoto mmoja, kiasi kwamba mhudumu aliyepata mafunzo mafupi anaweza kukipeleka hadi bomani kwa wafugaji. Bado kinangoja majaribio makubwa zaidi, idhini, na kiwanda kitakachokitengeneza kwa mamilioni kwa bei ambayo wizara za afya zitaimudu. Hadi siku hiyo, watoto wa Alhamisi wataendelea kuchanjwa kutoka kwenye kichupa cha dozi kumi, ndani ya saa sita tangu kifunguliwe.